Pikipiki ya Pili

Mapendo,

Mifuko yako imepangwa kando ya mlango na mvua bado inapiga mabati. Papa yako ametoka kutafuta kamba ya kufungia godoro. Nimekaa nikuandikie kabla hajarudi, kwa sababu nikikuambia haya kwa mdomo utanikatiza, nami nitakujibu, na tutaishia kubishana kama Jumapili.

Sitakuambia uchemshe maji wala ulale ndani ya chandarua. Hayo unayajua, na usipoyafanya barua haitakusaidia. Nataka kukueleza juu ya pikipiki ya pili, ile itakayofuata yako kesho asubuhi kwenda Walikale. Unafikiri unajua nani atapanda. Tangu leo asubuhi hujui tena.

Jumapili tulikaa wote sebuleni. Baba yako mkubwa Bauma alikuwa ametoka Muheto na shati lake jeupe la misa, na kila mmoja alitaka kusikia tena kwamba chuo kikuu kule Walikale kimekuchagua uongoze ofisi ya staji na ajira, ile inayowatafutia wanafunzi mahali pa kujifunza kazi na kuwaandaa kuomba kazi wakishapata diploma. Walipenda zaidi kusikia kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho.

"Sasa Mapendo iko chefu, mukubwa wa ofisi," alisema Bauma. "Ofisi ya kupatia batu kazi. Mungu amekumbuka hii nyumba."

"Si kupatia batu kazi, baba mukubwa. Ni kuonyesha banafunzi njia ya kuitafuta."

"Ni ile ile. Ulishaona mupishi analala na njaa?"

Watu walicheka. Shangazi yako akaongeza kwamba kule Walikale, kwenye machimbo ambako wanafunzi wa jiolojia hupelekwa staji, wanaamini mwanamke akikaribia shimo madini yanakimbia. "Weye ukifika na babinti bako ba jiolojia, madini yote itahamia Kisangani." Hata wewe ulicheka.

Ndipo Bauma akaweka kikombe chini. "Lakini hii barabara, mutoto mwanamuke hawezi kuipita peke yake. Shukuru atamusindikiza. Njo vile tunafanyaka. Na akifika kule, atakaa naye kidogo. Kama nafasi inapatikana, inapatikana."

Shukuru, mwanawe, aliyemaliza masomo na bado hajapata kazi, alikuwa ameketi karibu na mlango akitazama viatu vyake. Papa yako alinyamaza, kwa sababu Bauma ni mkubwa wake. Uliniangalia. Mimi nami nilinyamaza. Ukasema, "Sawa, baba mukubwa," na pikipiki ya pili ikatafutwa siku hiyohiyo.

Baadaye, jikoni, nilianza kukusema kwa nini umekubali haraka vile. Ulinijibu bila kupandisha sauti: "Na weye juu ya nini haukusema pale? Weye njo mama." Nikaanza kuosha sahani ambazo zilikuwa safi. Jibu ni hili ninaloandika.

Nilipochukuliwa redioni hapa Masisi nilikuwa na umri kama wako. Nilitoka Kalembe. Baba yangu alisema maneno karibu yaleyale ya Bauma, na mtu aliyepewa kunisindikiza alikuwa kaka yangu Safari, ambaye wewe unamjua kama mjomba anayekuletea jibini. Aliacha shamba lake likiwa limeshalimwa, halijapandwa. Tulifika, nikapata chumba, nikaanza kazi. Safari akasema atangoja kidogo hadi nizoee.

Kulikuwa na benchi nje ya mlango wa redio. Alikaa pale. Niseme ukweli wote, maana nusu ya ukweli haitakusaidia: nilipenda akae pale. Mlevi akija, Safari anamgeuza. Askari akitaka kuingia studio kumtangazia mchumba wake salamu, Safari anaongea naye kwa upole hadi anaondoka. Chai yangu ilikuwa tayari nikitoka hewani. Nilifanya kazi kwa utulivu ambao wenzangu wanaume hawakuwa nao, na nilidhani utulivu huo ni heshima niliyojipatia.

Watu walikuwa wanaleta komunike, yaani matangazo yao ya kusomwa redioni: msiba, ng'ombe aliyepotea, mkutano wa wazazi, nafasi ya kazi. Walipofika walimkuta mwanaume mlangoni, na mimi niko ndani. Kwetu, ukikuta mwanaume mlangoni unaongea na mwanaume. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Safari alipokea, aliniletea, nami nilisoma alichoniletea.

Siku moja nilikutana sokoni na muuguzi aliyekuwa akifundisha wasichana. Alikuwa ananunua maharage. Hakunisalimu vizuri.

"Mama Redio, komunike yangu ulikatalia nini?"

"Komunike gani?"

"Ya shule ya bauguzi. Nafasi za babinti. Niliachia kaka yako."

Nilirudi na kumwuliza Safari. Hakuficha. Aliitoa kwenye mfuko wa shati, imekunjwa vizuri.

"Niliisoma. Ile shule iko mbali, banalala kulekule, na njia iko na batu ba bunduki. Nikasema, acha batoto ba benyewe bakae kwabo. Weye ungetuma wako?"

"Tarehe imepita, Safari."

"Njo vizuri. Hakuna atakayelia."

Elewa kwamba hakuchukua kitu kwa mtu. Hakuhongwa hata kuku. Alikuwa na huruma, na huruma yake iliamua mahali pa wasichana ambao hawakuulizwa. Kama angekuwa mwizi ningemfukuza jioni ileile na habari ingeishia hapo. Kumfukuza mtu mwema aliyeacha shamba lake kwa ajili yako ni kazi nyingine. Nilimwambia tu kwamba kuanzia sasa aniletee zote. Aliitikia, akaendelea kukaa kwenye benchi, na watu wakaendelea kumpitia yeye. Alikaa hadi alipooa. Mpaka leo sijui ni karatasi ngapi alizionea huruma kabla ya ile.

Nimemwambia ninakuandikia hili. Amecheka kwenye simu na kusema nisisahau kuandika kwamba chai ilikuwa nzuri. Chai ilikuwa nzuri.

Kuna jambo la pili, nalo nililijifunza nikiwa nimeshaolewa, wakati nilidhani nimemaliza kujifunza. Nilikwenda Muheto kuvuna maharage na bibi yako, mama wa papa yako. Redioni tulikuwa tukisoma matangazo ya kazi kila jioni, na mengi yalikuwa na sentensi ileile mwishoni: wanawake wanahimizwa kuomba. Nilikuwa naisoma kwa sauti nzito, kana kwamba mimi ndiye niliyeitunga. Nafasi zilipojazwa na wanaume tupu, tuliketi ofisini tukisema kwamba wanawake wa milimani hawana moyo wa kujaribu. Mimi nami nilisema hivyo.

Shambani niliwauliza wanawake wenzangu kama walisikia tangazo la wiki ile, la mashirika kutafuta wahamasishaji kwa kambi ya wakimbizi pale Lushebere. Waliangaliana.

"Redio iko na bapapa," mmoja alisema. "Jioni banaendaka nayo ku butiki. Sisi tunasikiaka kile bwana anakumbuka."

"Wangu anakumbukaka mupira tu," mwingine akasema, na wote wakaangua kicheko, na bibi yako akacheka hadi akakaa chini kwenye matuta.

Mimi sikucheka nao. Nilikuwa ninamfikiria papa yako, ambaye alikuwa na redio ndogo kwenye mfuko wa koti, na ambaye kila jioni alikwenda nayo kunisikiliza mimi akiwa na wanaume wenzake. Mama yake mwenyewe alikuwa hajawahi kusikia sauti yangu hewani.

Tuliporudi niliomba matangazo ya kazi yarudiwe asubuhi, na nikaanza kuyapeleka kwa mkono kwa mama wanaoongoza vikundi vya kanisa. Mkuu wangu aliona ni kujisumbua. Wanawake wachache waliomba kazi mwaka ule, na wachache kati yao walipata. Sina ushindi mkubwa wa kukuhadithia. Ninachosema ni kwamba tangu siku ile, kabla ya kuuliza kwa nini watu hawakuja, ninauliza habari iliwafikia kupitia kwa nani.

Wewe unaenda kukaa mahali hapohapo, Mapendo. Uliniambia kwamba ubao wa matangazo ya staji umetundikwa nje ya lango, pale vijana wa pikipiki wanapongojea abiria, na kwamba wasichana wanapita pale haraka kwa sababu ya maneno wanayorushiwa. Uliniambia pia kwamba walipokuonyesha ofisi, ulimkuta binti wa mwaka wa mwisho amekuja na kaka yake, na kaka ndiye aliyekuwa anaeleza dada anataka staji gani. Uliyaona hayo kwa siku moja. Mimi yalinichukua miaka. Sina wasiwasi na macho yako. Wasiwasi wangu ni kile utakachozoea baada ya macho kuchoka.

Kaka huyo akirudi, usimfukuze. Mpe kiti. Halafu maswali yote mwulize dada, na ukimya wake uuvumilie hata ukiwa mrefu. Nilihoji wanawake wengi ambao waume zao walijibu badala yao, na kwa muda mrefu niliandika majibu ya waume kwa sababu yalikuwa yamenyooka.

Usimpeleke binti mahali ambapo wewe mwenyewe hujakanyaga. Atakuja bwana mwenye duka au mwenye ofisi, atakuambia anataka mwanafunzi msichana, mchangamfu, wa kupokea wageni. Nenda umtembelee bila kumwambia siku. Angalia msichana atakaa wapi, nani mwingine yuko pale, na mlango unafungwa saa ngapi. Kama ni mtu mwema hatakasirika. Mimi sikusoma hewani habari ya mahali nisipofika, isipokuwa mara chache, na hizo mara chache ndizo zilizoniletea watu wenye hasira mlangoni.

Na usiwaahidi. Nilitangaza kazi nyingi ambazo tayari zilikuwa na mwenyewe. Tangazo lilikuwa la kutimiza sheria tu. Vijana walitembea kutwa kuleta dosie zao, yaani karatasi za kuombea kazi, kwa sababu ya sauti yangu. Ukijua kwamba kazi ina mwenyewe, waambie. Watavunjika moyo siku hiyo, lakini siku nyingine watakuamini. Baadhi yao watapata diploma na kurudi kwenye jembe, na hilo halitakuwa kosa lako, na bado utawakuta njiani na itabidi uwasalimu kwa majina.

Sasa lile la machimbo. Kwenye mahojiano ya kazi hii mjumbe mmoja wa kamati alikuuliza utawapelekaje wasichana wa jiolojia mahali ambapo mwanamke hasogei karibu na shimo, nawe ukamjibu, "Nitaenda kwanza mimi. Nikirudi na shimo lingali na madini, tutaongea." Walicheka wakakupa kazi. Ni jibu zuri. Lakini jibu zuri la mdomo lazima lije litembee kwa miguu, na nimekufikiria ukisimama pale juu, wachimbaji wamekunja mikono. Usipigane nao kwenye mdomo wa shimo. Zunguka upande wa chini, kwenye maji. Utawakuta wanawake wanaponda mawe na kuyaosha, na madini hayajawahi kuwakimbia. Kaa nao. Waulize jiwe zuri linatambuliwaje, na nani anapima mzigo. Mahali walipo ndipo mlango wa binti zako utakapokuwa, na kutoka hapo mtapanda polepole.

Ndiyo sababu nimefanya nilichofanya leo. Fikiria siku hiyo kule machimboni na Shukuru yuko kando yako. Wachimbaji wangeongea na nani? Fikiria mlango wa ofisi yako na Shukuru kwenye benchi, akisubiri nafasi yake ipatikane, akikuletea chai. Wanafunzi wangemwona mwanaume, ndugu ya chefu, na wangempitia yeye. Angekuwa mwema. Angeonea huruma karatasi moja, halafu nyingine.

Asubuhi nilikwenda Lushebere, kwa binamu wa papa yako, ambako Bauma na Shukuru wamekuwa wakilala tangu Jumapili. Nilimkuta Shukuru nje anapasua kuni.

"Mama mudogo," aliniambia kabla sijafungua mdomo, "mimi sikutaka hii safari. Banafunzi batasema nini? Mwanaume muzima, banamufunga nyuma ya dada yake sawa godoro."

"Umemwambia papa yako?"

"Nimwambie na mudomo gani?"

Niliingia na kumwambia Bauma kwamba Shukuru haendi. Sikutafuta maneno laini, kwa sababu Jumapili nilikuwa na nafasi ya maneno laini nikaiacha ipite. Nilimwambia Shukuru ni kijana mwenye akili, na siku akitaka kwenda Walikale aende kwa safari yake mwenyewe, abishe mlango, akae kwenye foleni na wengine, na kwamba ukimsaidia itakuwa kama unavyomsaidia mtoto wa mtu mwingine, si zaidi na si chini.

"Unatuma mutoto wa ndugu yangu peke yake, sawa yatima," alisema.

"Hapana. Nimemupatia musindikizaji."

Ni Mama Kavira, yule mfanyabiashara wa asili ya Butembo mwenye duka la vitenge mkabala na parokia. Anapita barabara hiyo kila mara na mizigo yake, anajulikana kwenye kila kizuizi, na hakuna kijana mwenye bunduki ambaye hajawahi kumkopa sabuni na kusemwa naye kama mtoto. Alikuwa anakwenda wiki ijayo. Amekubali kwenda kesho. Atakufikisha kwa mama mwenye nyumba uliyopanga, atauza vitenge vyake, atarudi.

Hilo la kurudi nilimweleza Bauma, na nadhani ndilo lililomkera zaidi, kwa sababu alilijua. Kwetu tunapomsindikiza mgeni tunatoka naye, tunamshikia mzigo, tunafika mahali fulani, mtoni au kwenye kona, tunaagana, tunageuka. Anayeingia na mgeni hadi ndani na kukaa mezani kwake, huyo hajasindikiza, amehamia. Bauma alisimama bila kumaliza chai. Alisema kwamba mimi tangu nije kwenye ukoo huu nimekuwa na mdomo wa redio. Hakusema kama atakuja kesho.

Kwa hiyo huenda utaondoka bila mkono wa baba yako mkubwa juu ya kichwa chako. Najua unalijali hilo. Watu wakikuuliza, sema ni mama aliyekataa, maana ni kweli. Wewe uliitikia mbele ya wazee kama mtoto aliyelelewa. Tangu hapo ni lawama yangu, na mimi nimezoea kusemwa. Shukuru amesema atakuja kukuaga, na atakuja kwa miguu.

Papa yako nilimwambia mchana. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Mama Kavira ni munene. Godoro tutaifunga wapi?" Nikamwambia kwenye pikipiki yako. Akavaa koti lake akatoka kwenye mvua kutafuta kamba ndefu zaidi. Unamjua. Hilo ndilo jibu lake.

Sasa namsikia anakuja, anapangusa viatu. Namalizia.

Ukiwa na tangazo la wanafunzi wako wanaotoka huku kwetu, usimpe mtu alete. Nipigie mimi. Nitalisoma asubuhi, wakati akina mama wako shambani na simu zao zenye redio zimefungwa kwenye kitenge, na nitalisoma tena jioni kwa ajili ya wale wa mpira.

Kesho nitakusindikiza hadi darajani. Nitashika mfuko wako mdogo, ule mwepesi, maana mgongo wangu hauwezi ule mwingine. Pale nitakupa mfuko, nitageuka, nirudi kusoma matangazo. Ukiniona sigeuki mara ya pili, usidhani nimekuwa na roho ngumu. Nitakuwa ninasindikiza vizuri.

Mama yako